Jina Moja, Vitu Vitatu: Magadi, Bala na Chumvi ya Majivu katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Mgonjwa wa shinikizo la damu anapokwenda zahanati, miongoni mwa mambo ya kwanza anayoambiwa kuhusu chakula ni kwamba apunguze chumvi. Neno hilo ni la kila siku na hakuna anayedhani linahitaji kufafanuliwa. Mgonjwa hurudi nyumbani akaiweka kando paketi ya chumvi ya dukani. Lakini katika jikoni nyingi za Migori na Homa Bay kuna kitu kingine karibu na meko: kipande cha jiwe la kijivu lililonunuliwa sokoni, au chupa ya maji ya rangi ya chai yaliyochujwa kutoka katika majivu. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili hivyo ni vitu gani, atajibu kwamba ni magadi, vyote viwili. Mgonjwa hakukatazwa magadi. Je, akiendelea kuyatia chunguni, ameufuata ushauri au ameuvunja?

Jibu linategemea ni magadi yapi. Jiwe lile lina sodiamu, nayo sodiamu ndiyo hasa aliyokatazwa. Maji ya majivu yana potasiamu kwa wingi, ambayo mwili wenye figo nzima huihitaji, na ambayo kwa mwenye ugonjwa wa figo inaweza kuwa hatari kwa moyo. Ukiongeza ile soda nyeupe ya paketi inayotiwa katika keki, ambayo nayo huitwa magadi na baadhi ya wapishi, vitu vimekuwa vitatu na jina limebaki moja. Makala haya yanaieleza hasa ile ya majivu, yaani kabonati ya potasiamu, ambayo katika kemia huandikwa K2CO3: inavyopatikana, inavyofanya kazi chunguni na katika unga, na jinsi ilivyolipa jina elementi nzima. Hoja inayoyaongoza ni kwamba Kiswahili kinachozungumzwa katika eneo hili kimeviweka chini ya paa moja vitu ambavyo jikoni, maabara na zahanati vinapaswa kutenganishwa, ilhali lugha jirani zimekwisha kuvitenganisha.

Maji ya majivu

Waliokula chumvi nyingi katika nyumba za Nyanza Kusini hawakula chumvi ya dukani peke yake. Kabla paketi hazijaenea, na hata baadaye, chumvi ya majivu ilikuwa jambo la kila jikoni, hasa miongoni mwa Wamaragoli na Waluhya wengine waliohamia Migori, ambao huyaita maji hayo kwa jina la musherekha.

Utengenezaji wake hauna siri. Maharagwe yakishapurwa, maganda makavu hayatupwi. Hukusanywa, yakaanikwa hadi yakakauka kabisa, kisha yakachomwa mahali palipofagiliwa vizuri ili udongo usichanganyike na majivu. Wengine hutumia maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi au mabua ya mtama. Uchaguzi huo si wa kubahatisha. Mimea haihifadhi potasiamu kwa kiasi sawa katika sehemu zake zote. Maganda ya ndizi na ya maharagwe yana nyingi, wakati majivu ya kuni za kawaida sehemu yake kubwa ni kabonati ya kalisiamu, kitu kilekile kinachopatikana katika mawe ya chokaa. Mpishi anayesema kwamba majivu ya kuni "hayana nguvu" ametoa hukumu ambayo mkemia angeithibitisha kwa mizani.

Majivu hutiwa katika kopo au chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi kidogo, kisha maji humiminwa juu yake polepole. Yanayodondoka chini ni maji ya hudhurungi, yaliyo safi bila chembe. Ndani ya kopo lile imefanyika kazi ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa kwa karatasi ya kuchujia na bilauri: kutenganisha kinachoyeyuka na kisichoyeyuka. Kabonati ya kalisiamu haiyeyuki majini, kwa hiyo hubaki juu. Kabonati ya potasiamu huyeyuka upesi sana, na hushuka na maji. Mmiminiko wa kwanza ndio mkali, na wa pili huwa dhaifu. Mpishi huyajaribu maji hayo kwa kuyasugua kati ya vidole viwili. Yakiteleza kama sabuni, yamefaa. Utelezi huo kwa hakika ni sabuni, maana alikali inapokutana na mafuta ya ngozi huanza kuyageuza kuwa sabuni papo hapo. Ndiyo maana maji makali ya majivu huunguza ulimi wa mtoto anayeonja bila kuruhusiwa, na ndiyo maana chupa yake haifai kuwekwa mahali mtoto anapoifikia.

Kiasi kinachotiwa chunguni ni kidogo, vijiko vichache tu. Mboga zinazohusika ni zile ambazo Waluo huziita apoth (mlenda), boo (majani ya kunde), osuga (mnavu), dek (mgagani) na mitoo. Aidha, hutiwa katika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ili chakula kiive upesi na kuni zisiishe. Kuta za chembe za mimea hushikamanishwa na pektini pamoja na vitu vingine vya jamii yake, na alikali huvilegeza vitu hivyo. Ugumu wa jani la kunde huondoka, na mlenda huongezeka ule mvutano wake unaopendwa na wengi na kuchukiwa na wengine.

Kuna jambo la pili ambalo mpishi huliona kwa macho. Mboga zilizotiwa maji ya majivu hubaki na ukijani wa kupendeza, wakati zilizochemshwa bila hayo hugeuka rangi ya jani kavu. Ukijani wa jani hutokana na klorofili, ambayo katikati yake ina chembe ya magnesiamu. Jani likichemka hutoa asidi zake, na asidi hizo huing'oa magnesiamu ile mahali pake. Hapo ndipo ukijani hufifia. Alikali huzipooza asidi kabla hazijafanya uharibifu. Hata hivyo, uzuri huo una gharama. Vitamini C na vitamini B1 hazistahimili alikali, na mboga zikipikwa kwa muda mrefu katika maji ya majivu mengi, jani hubaki kijani na vitamini hizo hupotea. Mpishi hodari hutia kidogo na kuepua mapema.

Inafaa kuongeza kwamba desturi hii si ya Nyanza peke yake. Katika jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India, maganda ya ndizi hukaushwa, yakachomwa na kuchujwa kwa namna inayokaribiana mno na hii, na maji yake hutiwa katika vyakula vinavyoitwa khar. Watu wa pande hizo mbili hawakuagizana. Mgomba una potasiamu popote unapoota.

Bala ya Homa Bay

Ukiondoka Migori ukaelekea kaskazini hadi ufuo wa Ziwa Viktoria, unafika mahali ambapo alikali haihitaji kuchomwa, kwani ardhi yenyewe huitoa. Mlima Homa, unaoinuka juu ya ghuba si mbali na Kendu Bay, ni mabaki ya volkano ya aina isiyo ya kawaida duniani, ambayo miamba yake ina kabonati kwa wingi. Chini ya mlima huo kuna chemchemi za maji moto, na miongoni mwake ni zile ziitwazo Bala. Katika Kiluo, bala ni udongo au jiwe la chumvi ambalo ng'ombe hulilamba na mpishi hulitia chunguni. Mswahili wa pwani akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza anaweza kushtuka akidhani ametajiwa balaa, lakini maneno hayo mawili hayana udugu. Balaa ni neno la Kiarabu, na bala ya Waluo ni baraka ya mifugo.

Karibu na hapo kuna ziwa dogo la kreta, Simbi Nyaima, ambalo masimulizi ya Waluo yanasema ni kijiji kilichozama usiku mmoja baada ya wanakijiji kumnyima mkongwe mmoja hifadhi na chakula walipokuwa katika karamu. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua hekaya hiyo na kuihesabu miongoni mwa visasili vya asili ya mahali. Kinachosahaulika mara nyingi katika uchambuzi wake ni maji yenyewe. Maji ya Simbi yana magadi mengi na hayafai kunywewa, ingawa ziwa kubwa la maji baridi liko hatua chache kutoka hapo. Ardhi iliyoadhibiwa kwa ajili ya ukarimu uliokataliwa imebaki na maji ambayo mgeni hawezi kukirimiwa. Msimuliaji wa kwanza alikuwa na jambo halisi la kueleza.

Alikali ya miamba ya namna hii ni ya sodiamu zaidi kuliko ya potasiamu. Ndivyo ilivyo pia katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, linalochimbwa kwa biashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Ziwa Natron upande wa Tanzania. (Volkano ya Oldoinyo Lengai, jirani ya Natron, hutoa lava ya kabonati hadi leo, na mojawapo ya madini yake limepewa jina la nyerereiti kwa heshima ya Julius Nyerere. Kiongozi aliyekitetea Kiswahili kwa nguvu zote ana jiwe la magadi lenye jina lake.) Magadi ya Ziwa Magadi yana jambo lingine la kutahadharisha: yana floridi nyingi, na floridi ikizidi katika chakula na maji ya watoto huyatia meno madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka.

Kwa nini jiwe lile huuzwa sokoni, wakati maji ya majivu aghalabu huonekana katika chupa ya nyumbani? Sababu moja imo katika kemia. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mililita 100 za maji huyeyusha takriban gramu 110 za kabonati ya potasiamu, na gramu 22 hivi tu za kabonati ya sodiamu. Kabonati ya potasiamu hupenda maji kiasi kwamba ikiachwa wazi huvuta unyevu wa hewani hadi ikageuka kuwa uji. Katika hewa ya ufuo wa Karungu au Sori, unga wake usingekaa juu ya gunia la mchuuzi hata siku moja ya mvua. Jiwe la sodiamu hukaa, hupimwa kwa mkono na kusafirishwa. Biashara ikalichukua jiwe, na pamoja nalo ikalichukua jina. Mtu aliyezoea kununua magadi alipoyaona maji ya majivu yakifanya kazi ileile, aliyaita magadi pia.

Kutoka chunguni hadi maabara

Jina la elementi hii lina historia ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifuatilia kwa raha. Katika Kiarabu, neno qaly, au al-qili likiwa na kibainishi chake, lilitumika kutaja majivu ya mimea ya chumvi inayoota pwani na jangwani. Wazungu walilichukua pamoja na kibainishi na kupata alkali. Mkemia Mjerumani Martin Klaproth, mwishoni mwa karne ya 18, alitumia kali kwa alikali ya mimea, na kutokana na hilo likaja kalium, ndiyo sababu alama ya potasiamu katika jedwali la elementi ni K wala si P. Waingereza nao walikuwa na jina la nyumbani: maji ya majivu yaliyokaushwa katika masufuria ya chuma waliyaita "majivu ya sufuria", yaani potashi. Mnamo 1807 Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi kali iliyoyeyushwa kwa moto, akapata metali laini inayong'aa ambayo haikuwahi kuonekana na mtu. Aliipa jina kutokana na sufuria ile. Kwa hiyo lugha zote mbili, ile iliyofuata Kiarabu na ile iliyofuata jikoni, zilianza na majivu.

Hapa panahitajika tahadhari. Mwanafunzi anayeona kwamba potashi ni kali na kwamba kalium imetokana na kali anaweza kushawishika kudai kwamba kivumishi -kali cha Kiswahili kina asili hiyo ya Kiarabu. Dai hilo halisimami. Mzizi huo ni wa Kibantu, na umo katika lugha za Kibantu zilizo mbali na pwani ambako Kiarabu hakikufika mapema, ukiwa na maana ya uchungu, uchachu au ukatili. Kufanana kwake na kali ya Kiarabu ni sadfa tu. Isimu linganishi imejaa sadfa za namna hii, na anayezifuata bila kuangalia lugha jirani hupotea.

Matumizi ya kabonati ya potasiamu katika viwanda ni mengi na hayahitaji kuorodheshwa yote. Hutumika katika kioo na katika sabuni laini. Huondoa maji katika vimiminika vingine kwa sababu ya pupa yake ileile ya unyevu. Kakao iliyosindikwa kwa njia aliyoianzisha Mholanzi Coenraad van Houten katika karne ya 19 hupozwa uchachu wake kwa alikali, na mara nyingi alikali hiyo ni kabonati ya potasiamu. Ndiyo inayoipa rangi yake nzito. Leo kiwanda hakichomi maganda. Huanza na kloridi ya potasiamu iliyochimbwa ardhini, ikapitishiwa umeme, kisha ikaunganishwa na kaboni dayoksaidi.

Darasani, maji ya majivu ni mali iliyo karibu. Mtaala wa kemia wa shule za sekondari nchini Kenya uliwafunza wanafunzi kutengeneza kiashirio kutokana na petali za maua, na majivu yaliyotiwa maji yakatumika kama mfano wa besi. Tone la maji ya majivu katika rangi ya haibiskasi nyekundu huigeuza kuwa kijani. Siki ikitiwa juu yake hutoa mapovu. Na kama shule ina taa ya gesi, njia nzuri ya kupambanua jiwe la sokoni na maji ya majivu ni moto wenyewe: sodiamu huupa mwali rangi ya manjano ya dhahabu, potasiamu huupa zambarau hafifu. Manjano ya sodiamu ni jeuri na hufunika zambarau hata sodiamu ikiwa kidogo, kwa hiyo mwalimu huwaambia wanafunzi watazame kupitia kioo cha buluu. Jaribio hilo la dakika mbili hutenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili cha sokoni hakijavitenganisha.

Katika unga

Watu wengi wanaokula mandazi asubuhi katika vibanda vya Rongo au Awendo hawajui kwamba kitu cha kwanza cha kikemia kuumulia mikate katika Ulimwengu Mpya kilikuwa kaka wa maji ya majivu ya bibi zao. Tarehe 31 Julai 1790 Serikali ya Marekani ilitoa hataza yake ya kwanza kabisa, yaani haki ya mvumbuzi, na ikapewa Samuel Hopkins kwa njia bora ya kutengeneza potashi na ile potashi iliyochomwa tena hadi ikawa nyeupe kama lulu. Miaka sita baadaye, 1796, Amelia Simmons alichapisha kitabu cha mapishi kilichoitwa American Cookery, na katika baadhi ya mapishi yake ya keki aliitumia potashi hiyo nyeupe badala ya hamira. Ulikuwa mwanzo wa jambo kubwa.

Kinachofanyika ni kilekile cha siki na majivu. Kabonati ikikutana na asidi, kwa mfano ya maziwa lala au ya asali, hutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikinaswa katika unga uliokandwa huutia vishimo, moto ukaugandisha unga, na mkate ukabaki umefura. Hamira nayo hutoa gesi hiyohiyo, lakini hamira ni viumbe hai, na viumbe hai hutaka joto, sukari na muda. Mpishi wa mahamri wa Lamu au Mombasa huukanda unga akaufunika na kuusubiri uumuke. Mpishi wa mandazi wa bara anayetumia bekingi pauda hana haja ya kungoja. Tofauti ya mahamri na mandazi haimo katika iliki na tui peke yake, imo pia katika saa.

Kwa nini basi hakuna anayeumua mandazi kwa maji ya majivu? Kabonati ya potasiamu ni kali kupita kiasi. Asidi isipotosha kuimaliza, inayobaki huuacha unga na manjano na uchungu, na ikikutana na mafuta huleta ladha ya sabuni kwa sababu iliyokwisha elezwa. Bikabonati ni pole zaidi. Isitoshe, Mfaransa Nicolas Leblanc alipopata mnamo 1791 njia ya kutengeneza kabonati ya sodiamu kutokana na chumvi ya kawaida, sodiamu ikaanza kuwa rahisi na misitu ya kuchoma potashi ikaanza kupumua. Katika karne ya 19 bikabonati ya sodiamu iliichukua nafasi ya potashi jikoni. Hata hivyo, potasiamu haikutoka kabisa. Aliyetaka soda ifanye kazi bila maziwa lala alihitaji asidi iliyo kavu, na iliyotumika zamani ni chumvi ya potasiamu inayoganda ndani ya mapipa ya divai ya zabibu. Ikichanganywa na soda hupatikana bekingi pauda ya mtindo wa kale. Pauda nyingi za siku hizi hutumia chumvi nyingine, lakini kanuni ni ileile.

Wajerumani bado huitia potashi yenyewe katika keki zao za asali za Krismasi, kwa sababu huufanya unga utanuke kwa upana kuliko kwa kimo. Mafundi wa tambi za Japani na Uchina nao hutumia maji ya kabonati za sodiamu na potasiamu ili tambi ziwe za manjano na zenye kuvutika. Anayemfahamu mlenda ataelewa mara moja.

Inapasa kupambanua hapa chumvi moja ya potasiamu isiyo na udugu wa tabia na hizi. Bromati ya potasiamu ilitumiwa sana na waokaji ili kuupa unga wa mkate nguvu. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Kuwa na potasiamu katika jina si sifa wala hatia.

Jina na mgonjwa

Turudi kwa mgonjwa wa zahanati. Kiluo humpa maneno mawili, chumbi na bala. La kwanza ni chumvi ya dukani, na la pili ni la ardhini. Muuguzi anayesema Kiluo anaweza kumwambia aache bala pia, na akaeleweka. Kiluhya kina musherekha kwa maji ya majivu. Kiswahili, lugha ambayo muuguzi kutoka mkoa mwingine atalazimika kuitumia Migori, mji wa Waluo, Wakuria, Waluhya, Wagusii, Wasomali na wengineo, kina chumvi na magadi. Tena chumvi yenyewe ina maana mbili: jikoni ni kloridi ya sodiamu, na katika kitabu cha kemia ni jina la jamii nzima ya vitu ambamo magadi yote yamo.

Madhara ya mkanganyiko huu yanaweza kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 2 za sodiamu, na apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kutokana na chakula. Katika uchunguzi uliofanywa katika vijiji 600 vya Uchina na kutangazwa mwaka 2021, watu wapatao 21,000 walifuatwa kwa miaka kadhaa. Waliotumia chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 14. Januari 2025 shirika hilo lilitoa mwongozo unaounga mkono chumvi za namna hiyo kwa watu wazima kwa jumla, likiwatenga watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo. Hii haina maana kwamba maji ya majivu ni dawa ya shinikizo la damu. Chumvi iliyochunguzwa ilikuwa kloridi, isiyo na ukali wa alikali, na kipimo chake kilijulikana. Chupa ya majivu haina kipimo. Lakini ni dhahiri kwamba anayeacha chumvi akaongeza bala hajaacha sodiamu, na kwamba mwenye figo dhaifu anayeambiwa ajihadhari na potasiamu anahitaji kuulizwa kuhusu majivu kwa jina lao.

Kuna pia suala la madini joto. Tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya mezani itiwe madini hayo ili kuzuia rovu, na kinachotiwa ni ayodati ya potasiamu, iliyochaguliwa kwa sababu hustahimili unyevu. Bala na majivu havijatiwa kitu hicho. Anayeviweka mahali pa chumvi ya dukani hupoteza kinga bila kujua.

Kiswahili hakikuwa maskini wa majina katika jambo hili. Kamusi zina shura, chumvi ya potasiamu iliyotumika katika baruti, na shabu, ambayo hutuliza maji machafu na kuzuia damu ya mkwaruzo wa wembe, nayo pia kwa kawaida ina potasiamu ndani yake. Majina hayo yalikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, kila kitu kikiwa na lebo yake. Maji ya majivu hayakupita bandarini, na huenda ndiyo sababu hayakupewa neno lake katika lugha sanifu. Pendekezo linaloweza kutolewa ni la kiasi: magadi yabaki kwa jiwe la sodiamu, chumvi ya majivu itumike jikoni na zahanati kwa ile ya potasiamu, na kabonati ya potasiamu iachiwe darasa. Potashi haifai kuchukuliwa kwa haraka, maana imekwisha kukaliwa. Katika duka la agroveti la Migori au Homa Bay, potashi ni mbolea, na mbolea hiyo aghalabu ni kloridi wala si kabonati. Anayeitia katika mboga kwa kufuata jina atakuwa ametia kitu kingine kabisa.

Na majivu yaliyobaki juu ya nyasi katika kopo, baada ya maji kushuka mara mbili au tatu, hayateleza tena katikati ya vidole. Ni kabonati ya kalisiamu kwa sehemu kubwa. Katika nyumba nyingi humwagwa shinani mwa migomba, ambayo maganda yake yatachomwa tena msimu ujao.